UKUTA UNAKUNYWA MAJI



Tuzungumze juu ya kuta kabla mvua za Machi hazijaanza. Wengi wetu tuna ndugu waliopanga vyumba Katwe, mjini Kampala. Ukiwatembelea, tazama ukuta karibu na sakafu: rangi imebambuka, lipu inadondoka, na kuna unga mweupe kama chumvi. Watu husema bati linavuja. Lakini maji ya bati hutoka juu, haya yanatoka chini.

Katwe iko bondeni, karibu na mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji ya mji katika Ziwa Viktoria. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa katika utambi wa koroboi. Yaweza kufika mita 1. Yakikauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki na kuisukuma lipu nje. Mwenye nyumba huja akapaka saruji. Kazi bure! Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi.

Jaribu mwenyewe: pima tofali kavu, lizamishe majini siku 1, lipime tena. Kanuni za India huruhusu tofali la kawaida kunywa hadi asilimia 20 ya uzito wake. Kwa tofali la kilo 3, hiyo ni gramu 600, zaidi ya nusu lita.

Sasa sisi hapa kambini. Matofali yetu mengi ni mabichi, yamekaushwa juani tu. La kuchoma likilowa hubaki tofali. Bichi likilowa hurudi kuwa tope, na ukuta unaweza kuwaangukia watoto usiku.

Kwa hiyo inua msingi wa mawe au matofali ya kuchoma, walau sentimita 15 juu ya ardhi. Juu yake tandaza plastiki nene, upana wote wa ukuta, vipande vipishane, ndipo uendelee kujenga. Shitingi iliyotoboka haifai, na ile ya paa msiikate! Wala usirundike udongo ukutani kwa nje, maana unyevu utaipita plastiki kwa juu.

Aliyekwisha jenga achimbe mtaro wa kuondoa maji, na paa litokeze mbali na ukuta.

Jumamosi asubuhi tutatandaza plastiki kwenye msingi mpya wa jirani mmoja mjane. Njooni muone, na mwenye jembe aje nalo.