Pimeni Kwanza, Nunueni Baadaye
Maneno yaliyosemwa kwa wenye magari ya zamani wa Ntimaru



Kila mmoja wetu ajua jinsi gari la zamani linavyotusaidia hapa Ntimaru: hubeba mahindi na tumbaku, na usiku humpeleka mgonjwa hospitalini. Lakini likikataa kuwaka, mzigo hulala njiani, na mgonjwa pia. Mwenyewe hushikwa na wasiwasi, akanunua koili. Haikufaa, akanunua plagi. Hazikufaa, akanunua betri. Fedha zimekwisha, na gari lingali limesimama. Kumbe ubovu ulikuwa waya mmoja uliolegea.

Neno langu, basi, ni moja tu: pimeni kwanza, nunueni baadaye.

Nasema habari za gari la petroli lenye pointi, kama Land Rover za zamani, au Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1975. Gari la dizeli halina plagi za cheche. Njia hii ya kuwasha petroli ilibuniwa na Charles Kettering wa Marekani, ikatumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Kazi yake ni hii. Betri hutoa volti 12 tu. Umeme huo hupita katika koili. Pointi zifungukapo huukata ghafula, na hapo koili hutoa maelfu mengi ya volti. Distributa huugawia kila plagi kwa zamu yake, cheche ikaruka, petroli ikawaka. Basi cheche ikikosekana, yatupasa kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza, tazameni betri. Vichwa vyake viwe safi, na waya zake zikazwe. Stata ikizunguka kwa unyonge, tengenezeni hapo kabla ya kutafuta pengine.

Pili, chomoeni waya wa plagi moja, muuchomeke katika plagi nyingine iliyo safi, na chuma cha plagi hiyo kiguse injini. Ishikeni kwa koleo yenye mpini wa mpira, na mwenzenu azungushe injini. Cheche ya buluu yenye nguvu ikiruka, na waya nyingine zikiwa vivyo hivyo, tazameni plagi zenyewe, kisha petroli.

Tatu, isiporuka, chomoeni kwenye distributa ule waya utokao katikati ya koili. Ncha yake iwe karibu na chuma cha injini, kiasi cha milimeta 6, mzungushe tena. Cheche ikiruka hapa, ubovu umo katika kofia ya distributa, rota au waya za plagi. Wakati wa mvua mara nyingi ni unyevu tu: futeni kofia kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, mkatazame kama ina ufa.

Nne, isiporuka hata hapa, fungueni kofia mtazame pointi. Zikichafuka, zisugueni kwa msasa laini. Zikifunguka kabisa, mwanya wake huwa karibu milimeta 0.4, lakini fuateni kitabu cha gari lenu. Zikiungua upesi upesi, shukuni kondensa. Kisha twaeni taa ndogo ya volti 12. Waya wake mmoja uguse injini, na wa pili uguse koili upande wa swichi. Fungulieni swichi. Taa isipowaka, umeme haufiki; fuateni waya mpaka kwenye swichi. Ikiwaka, na pointi na kondensa ni nzima, ndipo koili ishukiwe.

Tena gari lizimalo likipata moto, likawaka tena likiisha kupoa, mara nyingi lina koili au kondensa mbovu. Lipimeni lingali na moto.

Jihadharini sana: msijaribu cheche penye harufu ya petroli iliyomwagika, wala msishike waya hizo kwa mkono mtupu. Gia iwe huru, na breki ya mkono ivutwe.

Taa moja, plagi moja, koleo, msasa na kitambaa kikavu: vyote huingia katika mfuko mmoja chini ya kiti. Viwekeni leo, gari likiwa zima, mkajizoeze mchana. Maana usiku wa mgonjwa si wakati wa kujifunza.