Bundi Hula Tulichomwandalia

Bundi akitua juu ya paa mjini, nyumba nzima hailali. Mmoja huokota jiwe, mwingine huwasha taa, wa tatu huanza kuhesabu ni nani katika ukoo anayeumwa. Swali moja tu haliulizwi: ndege huyu amefuata nini hapa?

Jibu hulitema mwenyewe. Bundi hummeza panya mzima mzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini mifupa na manyoya hugandamana vikawa kitonge, naye hukitema chini ya mahali anapopumzika. Wataalamu huviokota vitonge hivyo, wakavipasua na kuhesabu mafuvu. Fuvu la panya si la popo, wala la popo si la ndege. Hapo hujulikana bundi amekula nini, na mazingira yake yana nini.

Chukueni jamii ya bundi mweupe, mwenye uso kama umbo la moyo. Uingereza, penye nyasi ndefu, chakula chake kikuu ni panya mdogo wa majani mwenye mkia mfupi. Vukeni bahari mwingie Ireland, ambako panya huyo hayupo: bundi yule yule hula panya wa vichakani na panya wa majumbani. Kule Malaysia, misitu ilipokatwa ikapandwa michikichi, panya walijaa mashambani. Bundi wakawafuata, na wenye mashamba wakawatundikia masanduku ya kutagia mayai.

Kwetu Tanzania, kwenye mashamba ya mahindi ya Morogoro, yupo panya shamba, anayefukua mbegu hata kabla hazijaota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemchunguza kwa miaka mingi. Huyo ni windo la bundi wa shambani. Bundi wa mjini naye hukuta panya wa dari na wa jalalani, popo na shomoro. Ndege ni mmoja. Sahani yake hupakuliwa na mahali anapoishi.

Sisemi kwamba bundi atawamaliza panya wa mji mzima. Panya shamba mmoja huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na mdomo mmoja haushindani na uzazi huo. Lakini anapunguza, na tena bila gharama.

Sisi tunamlipa nini? Mawe na sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila huchukua siku kadhaa kufa. Siku hizo huyumbayumba mchana na usiku, akawa windo rahisi. Bundi akimla, hula na sumu yake. Tumeua mwindaji pamoja na windo, na wahenga walishasema paka akiondoka, panya hutawala.

Ndugu wasikilizaji, bundi haleti msiba. Amefuata karamu tuliyoiandaa wenyewe kwa taka zisizozolewa na magunia yasiyofunikwa. Tukiona anatukera, tuanze kwa kusafisha jalala. Na ikiwa jalala limetushinda, basi tumwache afanye zamu yake ya usiku kwa amani, maana hajawahi kudai mshahara.

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo.