Fakture ya Maji mu Parseli ya Watu Wengi

Leo tunasema juu ya fakture ya REGIDESO. Wengi wetu tuliporudi Kolwezi tulipanga mu parseli moja, jamaa tatu ao ine, konteri moja. Mmoja akikosa kulipa, robine inakatwa kwa wote, na watoto wanarudia kuteka ku mto. Kule ndiko kipindupindu kinatungojea.

Fakture ikifika, tusiiweke chini ya godoro. Tusome indeksi, tuilinganishe na ile ya konteri. Metre kibe moja ni litre 1000, ni kusema bidoni 50 za litre 20: kila mama anaweza kujihesabia. Namba zisipopatana, twende ku biro mbele ya tarehe, si kisha.

Feza tukusanye kila juma, siku ya soko, kwa mtu mmoja mwenye kuandika mu kaye. Ya mwezi muzima ni nzito. Ya juma inabebeka. (Tuombe risiti, hata kwa ndugu ya tumbo moja.) Asiye na kazi mwezi huu, kasha ya chama itamkopesha sehemu yake, arudishe kwa juma ine. Ninyi munaotusaidia, feza yenu inaingia mu kasha ile.