Mbuzi wa Pili

Aliye na Biblia karibu na afungue Mambo ya Walawi, mlango wa 16.

Siku ya kumi ya mwezi wa saba Waisraeli wote waliacha kazi zao. Ilikuwa Siku ya Upatanisho. Ni siku hiyo tu katika mwaka ambapo kuhani mkuu aliingia ndani ya pazia, mahali palipowekwa sanduku la agano. Hakuingia na mavazi yake ya fahari, bali alivaa kitani. Tena, kwanza alitoa ng'ombe mume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Hata kuhani alikuwa na deni.

Kisha mbuzi wawili waliletwa mlangoni pa hema, wakapigiwa kura. Wa kwanza alichinjwa, na damu yake ikanyunyizwa juu ya kiti cha rehema na mbele yake. Wa pili aliachwa hai. Haruni alimwekea mikono miwili kichwani, akaungama juu yake maovu yote ya watu. Ndipo mbuzi huyo akapelekwa jangwani, akaachwa huko mahali pasipo na watu.

Kwa nini mbuzi wawili? Je, mmoja hakutosha? Katika hao wawili tunajifunza mambo mawili. Dhambi ina malipo, na malipo yake ni uhai. Ndiyo sababu damu ilimwagika. Tena dhambi iliyoungamwa huondolewa, ikapelekwa mbali. Ndiyo sababu mbuzi wa pili alikwenda zake. Wala hakuna aliyetumwa kumrudisha kambini.

Ndugu zangu, mimi nilimrudisha. Mdogo wangu aliuza ng'ombe wa marehemu baba bila kuniuliza. Baadaye alikuja kwangu pamoja na wazee, akakiri kosa lake, nami nikampa mkono wa msamaha. Lakini kila tulipokosana, hata kwa jambo dogo, ng'ombe yule alitoka kinywani mwangu. Siku moja mdogo wangu akaniuliza kwa upole, "Kaka, ng'ombe huyu atauzwa mara ngapi?" Sikuwa na la kujibu. Usiku ule usingizi haukuja.

Waraka kwa Waebrania watufundisha kwamba Kristo ni Kuhani wetu, naye ndiye sadaka pia. Hakuwa na dhambi ya kujitolea sadaka. Aliingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe, na hiyo yatosha. Alilipa deni letu, na dhambi zetu akazichukua.

Basi, msikilizaji mpendwa, kama umeungama mbele zake, mbona bado wakesha ukizihesabu dhambi zako za zamani? Na kama jirani yako ametubu, mbona wafunga safari kwenda jangwani kumtafuta mbuzi wake? Mwache huko. Kama kuna mtu wa kupewa mkono, mwendee leo, jua lisichwe kwanza.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa Mwana wako aliyeziondoa dhambi zetu. Utusaidie tusiyarudishe uliyoyapeleka mbali. Amina.