Kubadili Kozi Bila Kujificha: Mwanafunzi Mkristo, Wito na Dirisha la Uhamisho

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walezi na viongozi wa matawi ya wanafunzi Wakristo wa vyuo vikuu

 

Kamati ya maandalizi imenitaka nizungumzie mwanafunzi Mkristo anayebadili mwelekeo wa taaluma yake: nieleze dhana, niangalie Maandiko, kisha nitoe mapendekezo. Nitafuata mpangilio huo, ila kuna sehemu moja itakayokuwa ndefu kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi kila mwaka wa masomo unapoanza. Niseme pia kwamba haya ni maoni yangu kama mlezi. Si msimamo wa chuo ninachofundisha, wala sisemi kwa niaba ya Tume ya Vyuo Vikuu au Bodi ya Mikopo. Mwenye shauri la uhamisho aende kwa msajili akapewe taratibu za mwaka husika.

Dhana

Hapa sitakaa. Taaluma ni fani mtu aliyoisomea. Ajira ni kazi anayolipwa. Wito ni yale Mungu anayomtaka mtu ayafanye kwa maisha yake yote, na ndani yake mna taaluma na ajira, mna pia kutunza wazazi, kulea watoto na kuwa jirani wa kutegemewa. Kubadili mwelekeo, kwa maana ya mada hii, ni pale mwanafunzi aliyekwisha kudahiliwa anapoona kwamba kozi aliyomo haimfai, akaanza kutafuta nyingine. Karibu wote tuliomo humu tumefundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba Mungu anatumikiwa na mkulima na mhasibu kama anavyotumikiwa na mchungaji. Hilo halina ubishi, tuendelee.

Kozi inavyopatikana

Kijana hujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, akiwa bado Kidato cha Nne, wengi wakiwa hawajatimiza hata miaka 18. Akipangiwa tahasusi ya PCB, nyumbani wanaanza kumwita daktari. Akipangiwa HGL, anaitwa wakili. Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka Julai, udahili unafunguliwa, na maombi mengi yanajazwa steshenari karibu na stendi. Foleni iko mlangoni, na mwenye kompyuta anauliza: "Ya pili nikuwekee ipi?" Kozi ya pili na ya tatu zinawekwa hapo hapo, kwa kuangalia ufaulu unaruhusu nini. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, nyingi zikiwa mpya, na wigo umepanuka kweli. Lakini wigo mpana bila mtu wa kumkalisha kijana chini unamwongezea tu milango asiyojua inaelekea wapi.

Basi tusishangae kwamba baadhi yao wanafika chuoni na kugundua wamekaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Hilo ni la kawaida na lina tiba. Lisilo la kawaida, na ndilo nililopigana nalo miaka mingi, ni kimya kinachofuata.

Kimya

Nitaeleza habari ya kijana mmoja, nikiwa nimeondoa yale yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa mwaka wa pili wa udaktari wa binadamu. Alikuja ofisini kwangu mwezi Mei na barua aliyoikunja mara nne, ya kuomba kuhamia uhasibu. Aya ya kwanza ilisema kwamba katika maombi ya mkesha Mungu alimwonyesha kuwa udaktari si mapenzi yake. Nikaiweka barua mezani, nikamwomba anisimulie bila kuitazama.

Alichosimulia hakikuwamo kwenye barua. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza hazina wa tawi letu. Alipokabidhiwa ofisi alikuta kopo la maziwa ya unga limejaa risiti zilizofifia, na daftari ambalo jumla zake hazikukubaliana na kitabu cha benki. Likizo nzima ya Pasaka alizipanga risiti hizo kwa tarehe sakafuni chumbani mwake, akapata pesa ya mahafali iliyoandikwa mara mbili na sadaka moja ambayo haikuandikwa kabisa. Aliponieleza alivyoifikia ile hesabu ya mwisho ikakubaliana, uso wake ulibadilika. Kwenye chumba cha anatomia, alisema, haogopi maiti wala hachukii wagonjwa. Anahesabu dakika tu. Fiziolojia alikuwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, na rafiki zake walianza kumnong'oneza kwamba atadisko, yaani ataondolewa masomoni.

Nikamuuliza amelijua hili tangu lini. Akajibu: tangu Novemba ya mwaka wa kwanza.

Ndugu zangu, Novemba ya mwaka wa kwanza ndipo dirisha la uhamisho lilipokuwa wazi. Kwa utaratibu tulionao, mwanafunzi anaweza kuhama kozi au chuo katika wiki chache za mwanzo, ilimradi awe na sifa za kozi anayoitaka na nafasi iwepo. Sifa alikuwa nazo na nafasi zilikuwepo. Alichokosa ni sentensi moja ya kusema mbele ya watu. Dirisha likafungwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye hakuwa na uhamisho wa kuomba tena, bali kuacha na kuanza udahili upya. Deni la Bodi ya Mikopo kwa miaka aliyosoma udaktari linabaki pale pale, na siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake ili kulilipa, pamoja na lile la kozi mpya kama atakopa tena.

Kwa nini alinyamaza? Parokia ya kwao ilifanya harambee alipochaguliwa. Alisimamishwa mbele ya madhabahu, akawekewa mikono, akatambulishwa kama "daktari wetu". Mama yake aliuza ng'ombe. Kila akirudi likizo, wazee wanamwonyesha miguu iliyovimba. Angewaambia nini watu hawa? Kwamba anapenda kulinganisha risiti?

Na chuoni, kwetu sisi, hali ni ile ile. Kwenye ibada zetu za ushuhuda mtu anayeacha kozi ili akahubiri anapigiwa vigelegele. Anayeacha udaktari kwenda uhasibu anafanyiwa maombi ya kuvunja roho ya kushindwa. Tumewaachia vijana majibu mawili tu yanayokubalika: "Mungu amesema nibaki" na "Mungu amesema niondoke". Sababu zote za kweli, kwamba masomo yamemshinda, kwamba amegundua kipaji kingine, kwamba kozi ilichaguliwa na mjomba, zinalazimika kuvikwa joho la ufunuo ndipo zipate kusikilizwa. Kijana husubiri ufunuo ambao pengine Mungu hakukusudia kuutoa kwa njia hiyo, na wakati anasubiri kalenda ya chuo inakwenda.

Sisemi Mungu hasemi na wanafunzi. Naamini anasema, na nimeona maisha yaliyogeuzwa kwa saa moja ya maombi. Ninachopinga ni kulitumia jina lake kama ngao dhidi ya wazazi, na sisi walezi kuikubali ngao hiyo bila kuuliza swali hata moja. Nimeuandikia uongozi unaohusika kuhusu jambo hili kila mwaka, nikiomba dakika chache za kuzungumza na wanafunzi wapya katika wiki yao ya utangulizi, kabla dirisha halijafungwa. Jibu huwa kwamba ratiba imejaa, na kwamba pendekezo litafanyiwa kazi. Naheshimu ugumu wa ratiba. Lakini kundi jingine la wanafunzi linapita, na mwezi Mei barua zinakuja tena zimekunjwa.

Maandiko na historia

Vijana hupenda kunitajia Petro na wenzake walioziacha nyavu mara moja. Mimi huwarudisha kwa Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta pale Shushani, kazi ya heshima na ya karibu na kiti cha enzi. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Akazungumza na mfalme mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Mfalme alipomuuliza haja yake alikuwa na jibu tayari. Alitaja muda atakaokuwa safarini. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti. Alipofika aliukagua ukuta usiku na watu wachache kabla ya kutangaza lolote. Mtu huyu wa maombi alijua anahitaji nyaraka gani, kutoka kwa nani, na kwa tarehe gani.

Walutheri wenzangu watanikumbusha habari ya Martin Luther. Ni kweli, Julai 1505 alikuwa mwanafunzi wa sheria Erfurt, akakutwa na radi karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na katika wiki mbili akaingia monasterini huku baba yake akiwa amekasirika. Lakini tusome hadi mwisho. Mwaka 1521, katika kitabu chake juu ya nadhiri za kitawa, alimwandikia baba yake kwamba nadhiri ile ilitoka kwenye hofu ya kifo. Mtu ambaye radi ilimfikisha mbali kuliko wote hakuisifu radi.

Mapendekezo

Kwa matawi: kila tawi liteue mtu mmoja, si lazima awe kiongozi wa maombi, wa kujua tarehe za dirisha la uhamisho, ada yake, fomu zake na ofisi inayozipokea. Tarehe hizo zitangazwe kila Jumapili mwanzoni mwa mwaka, pamoja na matangazo ya kwaya. Ibada ya ushuhuda itoe nafasi kwa waliobadili kozi kwa sababu za kawaida, na wasiombewe kana kwamba wana ugonjwa. Nimeshalisema hili na nalirudia: kijana asilazimike kusema "Mungu ameniambia" ili tu asikilizwe.

Kwa walezi wenzangu: mwanafunzi akija na ufunuo, tumpokee kwa heshima, kisha tumuulize alianza kufikiri hivyo lini, masomo yanakwendaje, anafurahia kufanya nini bila kulazimishwa, na nyumbani wanajua nini. Tusimwandikie barua ya kumuunga mkono siku hiyo hiyo. Tusimkemee pia. Na tuulize mapema, mwezi wa kwanza wa masomo, badala ya kusubiri sapu zitoke.

Kwa wachungaji na mapadre wa parokia: tunawashukuru kwa harambee, kwani bila hizo wengi wasingefika. Tunaomba kijana awekewe mikono kama mwanafunzi, si kama daktari. Akirudi amebadili kozi, apokelewe madhabahuni pale pale alipoagwa. Wazazi wanaodhani elimu ya kwanza imepotea wakumbushwe kwamba Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya shule na TANU, na nchi ikaendelea kumwita Mwalimu hadi kifo chake.

Kwa sekondari zinazomilikiwa na makanisa: ushauri wa tahasusi uanze kabla ya Selform, na mwanafunzi asiachwe achaguliwe kozi steshenari.

Kwa vyuo, kwa unyenyekevu: tunaomba dakika hizo za wiki ya utangulizi. Tunaomba pia taarifa ya dirisha ibandikwe hosteli na kantini, si kwenye tovuti peke yake, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi iwe na mtu wa kueleza kuhama kunaathirije mkopo kabla mwanafunzi hajatia sahihi.

Ombi langu la mwisho ni la kiutaratibu. Naomba Mwenyekiti, kabla ya chakula cha mchana, kila tawi liandike jina la mtu wake wa tarehe kwenye karatasi iliyoko kwa katibu, na karatasi hiyo isomwe hapa hapa kwa sauti, ili Oktoba ikifika tujue nani wa kumpigia simu.