Miraa na Maziwa ya Mama

Leo ni miraa, ile inayotufikia hapa Isiolo kutoka Meru. Ukitafuna, kemikali zake huingia kwenye damu, na baada ya kama saa mbili ndipo huwa nyingi zaidi. Ini huzivunja, figo hutoa mabaki kwa mkojo. Kunywa chai au soda hakuliharakishi ini, hata muuzaji aseme nini.

Sehemu nyingine hupitia titi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulizikuta katika maziwa ya mama, na hata katika mkojo wa mtoto anayenyonya. Ini lake bado changa. Usimwachishe kunyonya, acha miraa. Akikosa usingizi au akikataa titi, mlete kliniki na utaje miraa waziwazi, hata mama mkwe akiwapo.