Dari Ipumue, Mbu Asipite

Mada kwa wananchi na mafundi wa Kata ya Sanje kuhusu makazi bora



Katika vijiji vilivyo chini ya Milima ya Udzungwa, nyumba za udongo na nyasi zinaendelea kuzipisha nyumba za matofali ya kuchoma na bati. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Hata hivyo, iko sehemu ya nyumba ambayo mwenyewe huikumbuka mara mbili tu: siku ya kupaua na siku bati linapovuja. Ni nafasi iliyo kati ya chumba na bati. Namna nafasi hiyo inavyojengwa huamua joto ambalo familia italala nalo na idadi ya mbu watakaoingia kulala pamoja nayo.

Jua la mchana hulipasha bati, na bati huipasha hewa iliyo chini yake. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda juu. Ikikosa njia ya kutokea, hujikusanya darini, na jua linapozama joto hilo huendelea kushuka vyumbani. Ndiyo sababu nyumba nzuri ya bati huweza kuwashinda wenyewe kulala usiku wa manane, hasa miezi ya joto kabla ya masika.

Wazee walilitatua tatizo hilo kwa kuacha upenu wazi. Mwanya kati ya ukuta na paa ulitoa moshi na joto. Kwa bahati mbaya, mwanya huohuo ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Mbu huyo huvutwa na harufu ya mwili na hewa anayoitoa binadamu aliyelala. Akikutana na ukuta hupanda juu, na huko huukuta mwanya ukimsubiri. Tafiti za miaka mingi katika Bonde la Kilombero, zikiwemo za Taasisi ya Afya Ifakara, zimeonyesha umuhimu wa kuudhibiti mwanya huo.

Tatizo ni namna unavyodhibitiwa. Mafundi wengi huujaza matofali na saruji hadi kwenye bati. Mbu amefungiwa njia moja, lakini joto nalo limefungiwa ndani. Familia hujibu kwa kuacha milango wazi hadi usiku, kukaa nje saa ambazo mbu wanauma, na kukisukuma chandarua pembeni kwa kuwa kinaongeza fukuto. Nyumba iliyojengwa kumkinga mtoto humrudisha kwa mbu. Isitoshe, nyumba isiyopitisha hewa hukusanya pumzi za waliolala, na pumzi hizo ndizo zinazomwita mbu.

Dawa ni kuuziba mwanya kwa wavu, ili hewa ipite na mbu abaki nje. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu kwenye milango, madirisha na upenu, nyumba zilizowekewa dari ya wavu peke yake, na nyumba ambazo hazikuwekewa chochote. Mbu walioingia walipungua kwa takribani nusu. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa 19 katika kila 100 kwenye nyumba zisizo na wavu, na 12 katika kila 100 kwenye nyumba zenye wavu. Dari ile ilikuwa kitambaa cha wavu kilichotandazwa chini ya upenu, wala si jipsamu ya gharama.

Kwa anayejenga sasa, kazi hii ianze kabla ya kupiga lipu. Kwanza, mwanya wa upenu ufunikwe kwa wavu wa mbu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5, ukibanwa kwa vipande vya mbao kuzunguka nyumba nzima. Pili, ukuta wa pembetatu unaobeba paa uachiwe tundu la hewa pande zote mbili, karibu na kilele, nalo liwekewe wavu. Hewa baridi itaingia chini na hewa ya moto itatokea juu. Tundu la upande mmoja peke yake halitoshi. Tatu, madirisha yatazamane ili upepo uvuke chumba, nayo yawe na wavu usiochanika. Aliyekwisha kuhamia anaweza kuanza na chumba wanacholala watoto na mjamzito, kisha akaendelea kadiri mavuno yatakavyoruhusu.

Tahadhari mbili zizingatiwe. Jiko la kuni au mkaa lisitumike ndani ya nyumba ya kulala, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa huua bila harufu. Pia, kabla ya kuziba upenu, hakikisheni hakuna popo waliobaki darini. Kinyesi chao kilowanishwe kwa maji kabla ya kufagiliwa ili vumbi lake lisivutwe puani.

Wavu hauondoi wajibu wa kulala ndani ya chandarua. Unakifanya chandarua kivumilike. Fundi anayekabidhiwa ramani ya nyumba Sanje aulizwe swali moja kabla ya kulipwa malipo ya awali: hewa ya moto itatokea wapi, na mbu atazuiwa na nini?